Mjomba, Njoo Ushike

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza leo, na mimi nimeanza leo. Wodi ya watoto, ghorofa ya chini, dirisha la mwisho halifungi na kitanda kilicho chini yake kimesogezwa katikati ya njia. Nimepangiwa hapa mpaka msimu huu wa mvua uishe. Baada ya hapo Profesa ataamua kama nachukuliwa kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto au nirudi nilikotoka.

Profesa ni mama mfupi mwenye miwani anayoivaa kichwani huku akiitafuta mezani. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, na ilimchukua muda, maana mimi ni mtu wa miraba minne. "Wanaume huwa wanatupitia tu hapa," akasema. "Wewe utakaa?" Nikamwambia nitakaa. "Haya," akasema, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mlevi ili aondoke.

Wenzangu niliopangwa nao ni wanawake watupu. Wao wanaitwa Daktari. Mimi, kabla hata ya chai, nilishaitwa Mjomba. Aliyenibatiza ni Sista Mkuu, msimamizi wa wauguzi, ambaye hata Profesa humpisha njia. Nilicheka. Mjomba ni mtu wa nyumbani, nikajiambia, jina limekaa vizuri.

Jumanne, 5 Machi

"Mjomba, njoo ushike!" Siku nzima.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike maana ya kushika, ili siku nikija kuambiwa kwamba nilitia chumvi nijue sikutia.

Mtoto akitafutwa mshipa wa dripu, akichomwa sindano ya uti wa mgongo, akishonwa, lazima kuwe na mtu wa kumshika asifurukute. Zamani, naambiwa, walishika kwa zamu. Tangu nimekuja mimi na mabega yangu, zamu imekufa kifo chake. Naitwa kutoka chooni. Naitwa nikiwa katikati ya kumsikiliza mtoto mwingine mapafu. Nainama juu ya kitanda, mkono mmoja kifuani pa mtoto, mwingine magotini, na mtoto ananitazama mimi, si aliye na sindano. Sindano hata haioni. Anaona uso wangu. Ikiisha, Daktari aliyemchoma anabandika plasta, anasema, "Pole kipenzi changu, yamekwisha," na mtoto anamrukia shingoni. Anayeondoka na lawama ni mimi.

Nimesoma miaka yote ile ili niwe kamba.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda nyumbani. Baba alikuwa uvunguni mwa gari la jirani, ingawa amestaafu gereji na daktari wake wa mgongo amemkataza. Alinisemesha akiwa huko huko chini, naona miguu tu.

"Umeshahama kwenye unyonyeshaji?"

"Baba, ni magonjwa ya watoto."

"Nipe spana kumi na saba. Mimi nilikusomesha uwe daktari. Hii mikono niliyokupa ni mikono ya kazi. Mtu mwenye mikono hii anakwenda kupasua. Wewe unakwenda kubembeleza."

"Kuna watoto wanaokufa, baba."

"Hata pikipiki zinakufa. Lakini umewahi kumwona fundi aliyeweza malori akaenda kusomea pikipiki?"

Mama alikuwa mlangoni na taulo begani. Alisema, "Mwache mwanangu," lakini alisema kama anavyomwambia mtu amwache paka. Baadaye jikoni akaniuliza, kwa kunong'ona, kama kuna tatizo ninalomficha. Eti mwanaume mzima, bila mke, bila mtoto, anapenda watoto wa watu, majirani wanauliza. Nilisukuma sahani. Majirani hao hao walipoteza kitukuu kwa nimonia mvua zilizopita, na hakuna aliyeuliza kitu.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimemsikia mama mmoja akimwambia mwanawe, "Kunywa dawa. Hunywi? Haya, namwita mjomba." Mtoto akanywa, akalamba na kijiko.

Nikageuka nimwambie yule mama kitu. Alinitabasamia kwa shukrani. Nikaenda zangu.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Vitanda vimejaa, wanalala wawili wawili. Kifua, kifua, kuhara, kifua.

Alhamisi, 21 Machi

Mpasuaji amenisimamisha kwenye ngazi. Yeye ndiye mkuu wa upasuaji ghorofa ya juu, mtu wa viatu vinavyong'aa hata siku za matope. Nilifanya kazi kwake mwaka jana na hakuwahi kunificha kwamba ananitaka.

"Bado uko kwa akina mama?" akaniuliza, mbele ya wanafunzi wake, nao wakacheka kwa heshima.

"Niko kwa watoto."

"Nafasi yako naiweka mpaka mwisho wa Mei. Nikikupa mkono wa pole utajua nimeshampa mwingine." Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza kiganja juu kama anayekagua embe sokoni. "Dhambi," akasema, "dhambi kabisa." Akapanda zake.

Hakuna hata mmoja anayeniuliza kwa nini nimechagua watoto. Wanauliza kwa nini sikuchagua kitu kingine. Kama wangeniuliza ningewaambia: mtoto hadanganyi. Mtu mzima ataumwa mguu akakuonyesha tumbo, ataficha pombe, atasema amekunywa dawa kumbe ametupa. Mtoto akiumwa anaumwa, akipona anakuomba biskuti. Napenda kufanya kazi na watu wa kweli. Hilo tu. Lakini si jibu la kusema kwenye ngazi.

Jumatano, 27 Machi

Nimesema. Kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote.

Nilisema: simkatai mtu msaada, lakini mtoto ninayemtibu mimi nisiitwe kumshika, kwa sababu hatanikubali tena, na mtoto anayelia huwezi kumsikia moyo wala kumpapasa tumbo. Zamu ya kushika irudi. Nilizungumza kwa adabu. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana.

Sista Mkuu alicheka mpaka akafuta macho. "Jamani Mjomba! Sasa tukamwite nani, huyu?" Akamnyanyua mkono Daktari mwembamba kuliko wote, mkono kama mwiko, na kikao kizima kikaangua kicheko.

Profesa hakucheka. Alisubiri wanyamaze. "Umelileta mwenyewe, basi acha nilijibu," akasema. "Ni kweli watoto wanapiga kelele wakikuona. Nimekuwa nikiliangalia hilo. Daktari wa watoto anayeogopwa na watoto, mwisho wa Mei nitasema nini juu yake?"

Damu ilinichemka. Mnanifanya kinyago, halafu mnaniuliza kwa nini watoto wananiogopa! Hayo nimeyaandika hapa. Kule nilisema, "Nimekuelewa, Profesa," nikaketi.

Jumanne, 2 Aprili

Wameniita kushika. Nimeshika. Mtoto ameniuma kidole, na mimi niko upande wake.

Jumatatu, 8 Aprili

Amelazwa binti wa mwaka na nusu, homa kali na kikohozi kidogo. Ameletwa na mama yake, mshona nguo, ambaye bado alikuwa na futi yake shingoni. Wakamwandikia nimonia kule mapokezi, kama kila anayeingia msimu huu. Mimi ndiye niliyempokea wodini.

Nilisubiri kilio. Hakuna. Aliketi mapajani mwa mama yake akinikodolea macho kama mwenye nyumba aliyefuatwa na mpangaji wa kulipa kwa mafungu. Nikamwambia, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Akanyoosha mkono, akachomoa kalamu mfukoni mwangu, akaiweka kwapani. Niliiomba. Akatikisa kichwa. Nikaandika maelezo yake yote kwa kalamu ya kuazima.

Nimetoka pale nimepona kabisa, kama vile aliyelazwa ni mimi. Kuna mtoto mmoja wodini asiyeniogopa.

Jumanne, 9 Aprili

Raundi ya Profesa. Tulipofika kwa Bi Mkubwa nikamtoa mapajani mwa mama yake nimlaze apimwe, naye akapiga yowe lililowasimamisha watu mlangoni. Nikamrudisha kwa mama. Akatulia. Nikajaribu tena kumnyoosha. Yowe.

"Mwache," akasema Profesa. "Toka nje kidogo, umpe nafasi."

"Profesa, jana huyu hakunililia. Jana alin—"

"Jana hakukujua. Leo ameshasikia wenzake. Toka."

Nikatoka shingo upande. Kupitia kioo cha mlango nikamwona Profesa akiinama, akimsikiliza kifua pale pale mapajani mwa mama, kwa upole, bila kumsogeza. Mtoto kimya. Profesa akageuka kwa wengine, na ingawa sikumsikia niliona midomo: *Mnaona?*

Jioni Sista Mkuu aliwaambia wauguzi wanaoingia zamu: kitanda cha dirishani, nimonia, anaendelea na sindano, akilia msishtuke, anamwogopa Mjomba. Alisema hivyo nikiwa nimesimama pale pale.

Nimekasirika mpaka sioni njaa.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika haya mchana, kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji, mvua inapiga mabati mpaka sisikii ninachowaza. Ngoja niyaweke kwa mpangilio.

Asubuhi sikuingia kwake. Nilitii. Niliambiwa nimpe nafasi, nikampa. Nilikuwa napita ukumbini nikielekea kwenye kitanda kingine nilipolisikia lile yowe. Lile lile la jana, naweza kulitambua kati ya mia. Lakini mimi nilikuwa nje! Mlango umefungwa. Nikasogea kwenye kioo.

Ndani hakukuwa na mwanaume. Alikuwapo mama yake tu na muuguzi kijana, na walikuwa wanambadilisha nepi.

Nikabaki nimeganda kwenye kile kioo. Muuguzi aliinua miguu yote miwili kwa pamoja, kama tunavyofanya wote, na yowe likapanda. Akaishusha, likashuka. Mguu wa kulia ukapiga mateke hewani kama mguu wa mtoto yeyote aliyekasirika. Mguu wa kushoto ulilala umeangukia pembeni, goti limekunjwa, hautikisiki. Mguu mzima wa mtoto anayelia, na hautikisiki.

Nikaingia. Na jambo hili nataka likumbukwe: kilio hakikubadilika. Hakikuongezeka kwa kuniona, hakikupungua. Alikuwa na shughuli zake na mimi sikuwamo.

"Pole, daktari," mama yake akaniambia haraka haraka, "natoka naye nje, akitulia utamwona. Wamesema anakuogopa."

"Mama, akiwa na wewe peke yako, ukimbadilisha, analia?"

"Tangu juzi. Hata nikimgeuza tu kitandani. Nikawaambia, wakasema ni homa, na tena ameshtushwa na wewe."

"Anasimama?"

Akafikiri. "Si anaumwa? Nambeba tu."

Nikamwomba ampakate. Nikaketi sakafuni, mbali kidogo, nikangoja. Bi Mkubwa akanyamaza, akapandisha kwikwi, akanitazama. Kalamu yangu ilikuwa bado mkononi mwake. Nikachomoa nyingine, nikaiweka upande wake wa kushoto ambako ili aifikie ingebidi ageuze nyonga. Akaitaka. Nilimwona akiitaka. Akanyoosha mkono, akajikunja kiunoni, uso ukakunjamana, akaacha. Nikaihamishia kulia. Akaichukua papo hapo.

Ni nyonga. Si mapafu, si mimi. Ni nyonga ya kushoto, na kwa homa ile ni usaha ndani ya kiungo, na usaha katika kiungo cha mtoto hausubiri raundi. Unakula mfupa. Kila saa inayopita unampunguzia mtoto hatua za maisha yake.

Nilimkuta Profesa ukumbini na kundi lake lote. Sikumbuki nilianzaje. Nakumbuka nilikuwa nikisema kwa sauti kuliko mvua.

"Si mimi anayemlilia! Ni mguu! Analilia mguu tangu juzi na sisi tunacheka!"

"Unanipigia kelele?"

"Ndiyo, Profesa. Twende ukamwone, halafu unifukuze."

Sista Mkuu alikuja mbio akidhani kuna mgonjwa amerukwa na akili. Profesa alinitazama, miwani kichwani. Kisha akapita mbele yangu, akaingia.

Akapiga magoti pale kitandani. Aliushika mguu wa kulia kwanza, akaukunja, akauzungusha. Mtoto akamwangalia tu. Akaushika wa kushoto, akauzungusha kidogo sana, upana wa kidole. Yowe. Akaachia. Akabaki na mkono juu ya lile paja dogo.

"Mwite mpasuaji," akasema. "Na ultrasaundi sasa hivi, nisisikie habari ya foleni."

Ultrasaundi ilionyesha kiungo kimejaa. Lakini kabla ya kumpandisha juu alihitaji dripu, na ile ya juzi ilikuwa imeziba, na mishipa yake imejificha kwa homa. Daktari mwembamba akajaribu, akashindwa. Sista Mkuu akajaribu, mtoto anajitupa, sindano ikatoka. Wakanitazama. Safari hii hakuna aliyeniita. Hata Sista Mkuu hakulitamka lile neno.

Nilijua ninachokitoa. Nikaenda mwenyewe. Nikainama, mkono mmoja kifuani, mwingine nikaulaza chini ya ule mguu mbovu usiguswe na kitu, nikamshika. Bi Mkubwa alinitazama. Mwanzoni hakulia hata, alishangaa. Aliniangalia kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake mwenyewe, halafu sindano ikaingia, halafu akalia, na hicho kilio kilikuwa kipya, nilikijua kwamba ni changu. Kalamu ikaanguka sakafuni.

Mpasuaji ametoka sasa hivi. Usaha ulikuwa mwingi, ameusafisha wote. Kuhusu mfupa, anasema ni mapema mno, tutajua akisimama. "Kama atasimama sawa," akasema. Kisha akanipiga begani. "Ungekuwa kwangu ungeingia ukapasua mwenyewe, badala ya kukaa benchi kama baba wa mgonjwa."

"Ningekuwa kwako," nikamjibu, "nani angekuletea?"

Hakupenda. Na mimi sikumwambia ili apende.

Alhamisi, 11 Aprili

Homa inashuka. Hakuna aliyeniomba radhi. Asubuhi Sista Mkuu aliniwekea kikombe cha chai mezani, akaondoka kama hakuwa yeye.

Sitaki chai. Nataka mtu aseme kwa mdomo wake kwamba mama yule alisema na hakusikilizwa kwa sababu jibu rahisi lilikuwa limesimama pale limevaa koti jeupe.

Nimeinywa, lakini.

Jumapili, 14 Aprili

Nilimsimulia baba. Nilikuwa namsimulia mama, kusema kweli, baba akiwa nyuma ya gazeti. Nilipofika kwenye nepi gazeti likashuka.

"Kwa hiyo lilikuwa linalia likikata kona," akasema.

"Baba?"

"Gari. Likilia muda wote ni kitu kimoja. Likilia ukikata kona ni kingine, hiyo ni beringi. Likilia anapopanda mke wa mwenyewe, hilo si gari. Wewe ulimuuliza mama yake analia saa ngapi, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na hao maprofesa hawakuuliza." Akarudi nyuma ya gazeti. Akakaa huko. Kisha: "Kumbe ni kazi ya gereji tu."

Sijui kama hiyo ni baraka au ni tusi jipya. Nimeondoka kabla hajalifafanua. Nikiwa getini nikamsikia anamwambia jirani, "Kijana wangu ndiye aliyempasua yule mtoto." Nikarudi nikamwambia, "Baba, sikupasua." Akanipungia mkono niende.

Ijumaa, 26 Aprili

Bi Mkubwa bado amelazwa kwa sindano zake. Hataki kuniona. Nikiingia anaficha uso kwapani mwa mama yake, kama alivyoificha kalamu yangu kwapani mwake siku ile. Nimemletea kalamu mpya. Ameitupa.

Mama yake anaona aibu. "Mwambie shikamoo daktari, wewe mtoto huna shukrani!" Nikamwambia asimlazimishe. Ana haki yake. Nilimshika.

Lakini inauma. Niandike tu ukweli, inauma kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 2 Mei

Ameruhusiwa kwenda nyumbani, begani kwa mama yake. Mguu haujajaribiwa. Mvua haijaacha.

Jumatatu, 13 Mei

Profesa ameniita ofisini. Ndoo iko katikati ya sakafu inakinga matone ya dari, tukazungumza juu ya ndoo.

"Ulinipigia kelele mbele ya wanafunzi wangu," akaanza.

"Ndiyo."

"Sijasahau. Na sitasahau." Akaitafuta miwani. Nikamwonyesha kichwani pake. "Mimi nilipoanza kazi," akasema, "ghorofa ya juu walinipeleka kushika vilevile. Kushika taa. Mwaka mzima niliwashikia wanaume taa, wakasema mikono ya mwanamke haina nguvu ya kupasua. Nikashuka huku nikaapa kwamba hapa hakuna atakayenidharau. Kumbe nimekuwa wao."

Niliangalia ndoo.

"Zamu ya kushika inarudi kesho. Hata mimi nimo. Nafasi yako ipo ukiitaka. Ila ninakuonya, Mpasuaji atakupa maisha mazuri kuliko haya."

Hapo ndipo nilipopaswa kufurahi. Nilikasirika upya. Kwa hiyo alijua! Miaka yote alijua taa ile ina uzito gani, na bado alinitwisha. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilidhani ataniondoa ofisini. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Kasirika. Ila fika kazini."

Nimesema naitaka. Kisha nikapanda juu nikamwambia Mpasuaji ampe mwingine. Alinipa mkono wa pole, kama alivyoahidi.

Jumanne, 21 Mei

Profesa ameshika mtoto leo. Amepigwa teke la kidevu na miwani imeruka. Wodi nzima tulikuwa na kazi ya kutocheka.

Alhamisi, 30 Mei

Jua. Sista Mkuu amefanikiwa kulifunga dirisha la mwisho, sasa ambapo hakuna mvua.

Leo ilikuwa kliniki ya waliotoka. Ukumbi mrefu, mabenchi pande zote, mlango wangu mwisho kabisa. Tangu asubuhi nilikuwa naangalia jina la mtoto mmoja tu, na nilikuwa na hofu kama mtu anayesubiri majibu yake mwenyewe. Kiungo kikiwa kimeliwa atachechemea, na atachechemea akiwa bibi harusi, na atachechemea akiwa bibi wa wajukuu, na mimi nitakuwa nimesimama nje ya kioo siku nzima ile kwa sababu niliambiwa nitoke.

Nikatoka mlangoni kuwaita. Walikuwa katikati ya ukumbi. Mama, futi shingoni, ananipungia. Bi Mkubwa alikuwa amesimama, ameshika sketi ya mama yake. Kusimama ni kusimama, nikajiambia, bado hujaona kitu.

Akaniona.

Alifungua mdomo akapiga yowe, na watu wote ukumbini wakageuka kunitazama, akina mama wakivuta watoto wao karibu. "Ni mjomba, mama!" mshona nguo akamwambia, "mjomba wako huyo!" Hapo ndipo alipoiachia sketi, akageuka, akanikimbia. Alikimbia kwa miguu miwili, kulia kushoto, kulia kushoto, viatu vikipiga sakafu sawasawa, mama yake nyuma akimwita, wakapita mabenchi, wakapita mezani kwa Sista Mkuu, mpaka kona ya mwisho ya jengo, na kona aliikata bila kupunguza mwendo.

Nilibaki mlangoni. Mama mmoja wa kwenye benchi alinitazama kwa hasira. "Daktari gani huyu," akasema, "watoto wanamkimbia?"

"Umemwona anavyokimbia?" nikamuuliza. "Mama, umemwona?"